Unga Chini ya Paipu

Okeyo, nyakwara, mjukuu wangu,

Ukiona mwandiko huu mzuri usidhani nimeingia shule kwa siri. Mkono ni wa Chacha, fundi cherehani wa pale sokoni. Maneno ni yangu. Nimemchagua Chacha kwa sababu ni Mkuria, na Kijaluo chake kinaishia kwenye salamu na bei ya kitambaa, kwa hiyo hata akitaka kunisengenya kwa majirani itamchukua mwaka mzima. Tena hana tabia ya kupamba. Nimemwambia nikisema jambo baya aliandike likiwa baya. Amesukuma cherehani kando, amefunga nusu ya mlango, na wewe sasa hivi uko kwa shangazi zako unaaga na kulishwa. Mpaka ushibe tutakuwa tumemaliza.

Sitakuambia habari za blanketi. Blanketi umeliona, liko kwenye sanduku. Habari za kuchemsha maji, za marafiki wa pombe na za wasichana wa mjini, mchungaji alizisema zote Sabato iliyopita. Wewe ulisinzia, na mimi nilisinzia. Tuziache hapo.

Nataka kukuambia habari za paipu.

Najua utasema, huyu Dani, nyanya yangu asiyejua hata kuandika jina lake, anataka kunifundisha paipu? Sikufundishi. Wewe umekaa chuoni, umepewa karatasi yenye muhuri, unajua kupima kwa inchi. Mimi ninachojua ni paipu moja tu, ile iliyopita kando ya ukuta kwenye tanuri la mikate hapa Migori, na hiyo moja ndiyo inayonizuia kula tangu uliporudi kutoka Homa Bay.

Siku ile uliporudi kutoka kumwona msimamizi, ulikula ugali wote na ukaanza kunieleza. Ulisema hospitali inajenga chumba cha mtambo wa maji ya moto, kwamba mtambo hautatumia kuni bali mafuta, kwamba kazi yako ni kuyatoa mafuta kwenye tangi na kuyafikisha kwenye kichomeo bila kumwaga hata tone. Ulisema ukuta wa chumba hicho umegusana na wodi ya wanawake wanaojifungua. Nilifurahi. Mjukuu wangu anapasha maji ya kuoshea watoto wachanga, nani asiyefurahi? Kisha ukasema, huku unacheka, kwamba msimamizi alikuuliza, "Wewe ni wa Migori. Kuna fundi wa huko aliunguza tanuri la mikate zamani, anaitwa Ochola. Ni mtu wenu?" Na wewe ukamjibu kwamba humjui.

Mimi nilikuwa nabangua njugu. Ukaniuliza, Dani, mbona umenyamaza. Nikakuambia nimetafuna njugu mbovu. Njugu haikuwa mbovu, Okeyo.

Ulimkana baba yako, ukacheka. Sikukasirika na wewe. Ungejuaje? Aliyekulisha hadithi ya Ochola mzembe, Ochola aliyefunga paipu vibaya, ni mji huu wote, na mimi niliketi katikati ya mji huu nikaiacha hadithi itembee. Kwa hiyo leo utasikia ile nyingine. Hii ndiyo ya kweli. Chacha, andika hivyo hivyo.

Baba yako alizaliwa baba yake akiwa ameshazikwa, ndiyo maana anaitwa Ochola. Nilimbeba tumboni nikiwa mjane. Ndugu za marehemu walitaka nirithiwe. Mimi nilikuwa nimeingia kwa Wasabato, nikakataa, nikaja mjini na mtoto mgongoni, nikaanza kukanda unga wa watu. Nilikuwa na mdomo. Ilinilazimu. Mjane asiye na mdomo alikuwa anachukuliwa kila kitu mpaka sufuria. Lakini mdomo ukiutumia sana unakuwa kama panga lisilo na ala. Hata ndani ya nyumba unatembea nalo.

Ochola alipokuwa kijana alikwenda Masara, kwenye mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Alikwenda kubeba mawe. Aliporudi alikuwa fundi wa paipu. Hakuna aliyempa karatasi. Alijifunza kwa kukaa karibu na injini na kuuliza mpaka fundi mzee akachoka kumfukuza. Alikuwa mtu wa polepole. Mimi nilikuwa nikimwambia, wewe Ochola, hata ukifa utachelewa. Alikuwa anacheka tu.

Wakati huo mimi nilikuwa ndiye mpishi wa mikate kwa tajiri mmoja, Mhindi mwenye duka. Tanuri lilikuwa la kuni. Siku moja tajiri akaleta kitu cha chuma, kimechakaa, kina pua ndefu. Alikinunua kutoka kiwanda fulani kilichofungwa. Akasema kuni zimekwisha kazi, sasa tutachoma mafuta. Mimi nilikiogopa. Tajiri akaniuliza kama kijana wangu wa Masara anaweza kukifunga. Nikajibu anaweza hata kabla sijamuuliza mwenyewe. Hiyo ndiyo iliyokuwa tabia yangu.

Tajiri alitaka kazi ya siku tatu. Ochola alitumia wiki mbili. Nakumbuka kila kitu kwa sababu nilikuwa namsimamia na kumsema. Pipa la mafuta aliliweka nje ya ukuta, juu ya jukwaa la mawe, ili mafuta yashuke yenyewe. Nilimuuliza kwa nini hakuliweka ndani ambako wezi hawafiki. Akasema, Mama, moto ukianza nataka kuyafunga mafuta nikiwa nje, si nikiwa ndani. Akaweka koki moja pale chini ya pipa na nyingine karibu na kichomeo. Mdomo wa paipu ndani ya pipa hakuuweka chini kabisa, aliuacha juu kidogo, akasema maji na uchafu hukaa chini, acha vikae huko. Akaweka chujio. Akaishusha paipu kwa mteremko mmoja, bila kuiinua popote, akisema ikiwa na kinundu hewa itakaa pale na moto utakohoa. Kila kiungo alikizungushia uzi wa katani na rangi, akakikaza, akakifungua, akakirudia. Nikamwambia anafunga nywele za bibi harusi.

Siku ya Ijumaa mchana akamaliza. Akafungua koki ya kwenye pipa, akaiacha ile ya kwenye kichomeo imefungwa, ili paipu ijae mafuta na yakose pa kwenda. Kisha akafanya jambo ambalo nilikuwa sijaliona. Alitoa kwenye mfuko wake unga, akaweka konzi ndogo sakafuni chini ya kila kiungo. Vilikuwa viungo saba, kwa hiyo konzi saba, kutoka ukutani hadi mdomo wa tanuri. Akanieleza kwamba unga hausemi uongo. Kiungo kikitoa jasho hata kidogo, jicho halitaona kwenye chuma, lakini unga ulio chini utageuka rangi. Alitaka ukae pale mpaka kesho jioni, Sabato ikiisha, ndipo auangalie na kuwasha.

Akaniambia, "Mama, tafadhali, hapa usifagie."

Nikamjibu, "Tangu lini umeanza kunifundisha kufagia?"

Vijana wa kukanda unga wakacheka. Na yeye akacheka, akaenda zake kuoga.

Sasa wewe unatujua sisi Wasabato. Ijumaa ni siku ya maandalio. Kila kitu kifuliwe, kipikwe, kifagiliwe kabla jua halijazama, kwa sababu likizama hutagusa ufagio mpaka kesho jioni. Mimi nilikuwa najulikana. Mzee wa kanisa alikuwa akipita kwenye lile tanuri Ijumaa akiwaonyesha wanawake wengine jinsi nyumba inavyosubiri Sabato. Na jioni ile jua lilikuwa linashuka, na sakafu yangu ilikuwa na vilima saba vya unga kama mtu aliyekuwa anacheza. Nilivitazama nikaona haya. Nikasema moyoni, kijana huyu ananifanya nilale na uchafu siku ya Bwana kwa sababu ya ujuzi wake wa Masara.

Nikafagia, Okeyo. Nilianzia ukutani. Kilima cha kwanza, cheupe. Cha pili, cheupe. Cha tatu, kile cha nyuma ya magunia ya unga, kilikuwa na doa. Doa dogo, kama senti moja, jeusi kidogo. Nililiona. Mtu asije akakuambia kwamba sikuliona. Nilijiambia ni mafuta yaliyomwagika walipokuwa wanajaza pipa, kwa sababu siku zile harufu ya mafuta ilikuwa kila mahali, hata kwenye nguo zangu za ndani. Nikafagia na hilo. Nikatupa vyote nje, nikafunga mlango, jua likazama, nikaimba.

Sabato nzima nilikaa kanisani nikiwa na kitu kama mwiba. Nilikuwa nawaza, Ochola atakuja jioni akute hakuna unga, aniulize mbele ya watu. Sikuwaza moto hata kidogo, nakuambia kweli. Niliwaza tu kwamba mtoto wangu atapata nafasi ya kunisahihisha mbele ya vijana wa kukanda unga.

Basi jua lilipozama siku ya pili nilitangulia. Nikafungua tanuri kabla yao. Nikachota unga kwenye pipa la ngano, nikaweka vilima saba, kimoja chini ya kila kiungo, pale pale palipokuwa. Nikavipapasa vikae vizuri. Nikasimama kando, nimefunga mikono.

Chacha ameacha kuandika ananitazama. Nimemwambia aendelee.

Ochola akaja na taa, na tajiri nyuma yake na saa yake ya mnyororo mkononi, kwa sababu alikuwa ametuvumilia Sabato nzima na alitaka mikate ya Jumapili iwahi. Ochola akainama kwenye kilima cha kwanza, akaangalia. Akaenda cha pili. Kwenye cha tatu akachota kidogo, akasugua kwa vidole. Akabaki ameinama kwa muda. Kisha akageuka akanitazama. Mimi nikamtazama. Tajiri akauliza, iko sawa? Ochola akasimama, akajipangusa vidole kwenye suruali, akasema iko sawa.

Miaka yote nilidhani ule mtazamo ulikuwa wa mtoto anayetaka mama yake amsifu. Hata nilimwitikia kwa kichwa.

Akawasha. Kichomeo kilinguruma kama simba, sote tukapiga makofi, hata tajiri. Tanuri likapata moto haraka kuliko kuni. Niliingiza mikate ya kwanza mwenyewe. Ilikuwa inaanza kunukia vizuri nilipoona mwanga mahali pasipotakiwa mwanga, nyuma ya magunia. Mafuta yalikuwa yametona siku nzima na usiku mzima ndani ya udongo wa sakafu na ndani ya magunia matupu yaliyokuwa chini, na joto lilipofika pale yakashika. Vijana walikuwa upande wa mlango, wakatoka. Mimi nilikuwa upande wa tanuri, na magunia yalikuwa kati yangu na mlango.

Ochola hakutoka. Alikuja ndani. Aliyashika magunia yanayowaka kwa mikono, akayavuta kando, akanisukuma nje kama unavyosukuma mbuzi. Kisha akazunguka ukuta mbio mpaka kwenye ile koki ya nje, ile niliyomcheka kwa ajili yake, akaifunga kwa mkono uleule. Ngozi ya kiganja ilibaki pale kwenye chuma. Koki ile ndiyo iliyookoa duka la tajiri na nyumba za jirani. Tanuri liliungua paa na magunia. Hakuna aliyekufa.

Watu wakajaa. Tajiri akawapenya. Akauliza kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Nani amefunga hii paipu?"

Kila mtu akamtazama Ochola. Alikuwa ameketi chini, mikono ameiinua mbele yake kama mtu anayeombwa asiguse kitu.

Akasema, "Mimi."

Na mimi nilikuwa nimesimama pale, Okeyo, na mdomo wangu ambao ulikuwa unajulikana soko zima. Mdomo uliowashinda mashemeji. Uliowashinda wakusanya kodi. Sikuufungua. Nikajiambia nitasema kesho, akili za watu zikitulia. Kesho yake nikasema nitasema akipona. Alipopona, vidole vitatu vya mkono wa kulia havikuwa vinakunjika tena, na hakuna mtu aliyemtaka kama fundi, na nilipofikiria kusema niliona nitakuwa nimechelewa sana mpaka kusema kwenyewe kuwe dhambi ya pili. Unaona jinsi ilivyo? Siku ya kwanza lilikuwa neno moja. Kila siku niliyoliacha liliongezeka uzito, mpaka likawa kitu ambacho mwanamke mmoja hawezi kukiinua.

Mama yako alirudi kwao Ndhiwa. Simlaumu, alichekwa kisimani kila asubuhi. Ochola akaniachia wewe, ulikuwa hujaota meno ya mbele ya pili, akaenda Mfangano kwa wajomba zake, kwa ndugu zangu mimi. Alinishukuru kwa kukutunza. Alinishukuru. Sitaki Chacha aandike nilivyojisikia, aandike tu kwamba alinishukuru.

Nilikulea kwa nguvu zangu zote. Ukidhani mapenzi yangu kwako yalikuwa makali kupita kiasi, kwamba nilikuwa nakulinda kama kuku mwenye kifaranga kimoja, sasa umejua nusu ya sababu. Nusu nyingine ni kwamba unapendeka, hata ukikoroma.

Uliposema unataka kujifunza paipu nilitaka kukukataza. Kisha nikaona macho yako ni ya Ochola yuleyule wa Masara, nikauza ndama, nikakupeleka.

Sasa nikuambie nilikokwenda wiki jana. Nilikuambia kaka yangu wa Mfangano ni mgonjwa. Kaka yangu ni mzima kama fahali, Mungu anisamehe. Nilipanda basi mpaka Homa Bay, nikapanda boti, nikatapika njia nzima mimi niliyezaliwa kisiwani. Nilimkuta baba yako ufukoni anatandaza dagaa wa omena juani. Mvi zimemjaa. Anatandaza kwa mkono wa kushoto, wa kulia anautumia kama fimbo ya kusawazishia. Alitaka kuniletea kiti. Nikamwambia sikai.

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ndani ya boti. Yote yalibaki majini. Nikasema, "Ochola, niliufagia unga wako."

Hakuacha kutandaza. Akasema, "Najua, Mama."

Nilidhani hakunisikia. Nikarudia, nikaongeza habari ya doa, na ya unga mwingine nilioweka.

Akasema, "Najua tangu jioni ile. Mimi niliweka unga wa muhogo, nilioutoa nyumbani, kwa sababu ngano ilikuwa mali ya tajiri. Nilioukuta ulikuwa wa ngano."

Okeyo, mimi nimekanda unga tangu ujana wangu. Muhogo una harufu yake ya uchachu, na ukiusugua kwa vidole unalia. Mtoto wa miaka mitano anaujua. Nami niliweka ngano chini ya paipu nikadhani nimemaliza.

Nikamuuliza kama alijua, kwa nini basi aliwasha. Hapo ndipo alipoacha samaki. Alisema tajiri alikuwa amesimama juu yake na saa yake. Kama angesema unga huu si wangu, lingefuata swali la nani ameubadilisha, na ndani ya chumba kile alikuwepo mtu mmoja tu mwenye ufunguo. Angekuwa amemwita mama yake mwongo mbele ya mgeni na mbele ya vijana wake. Alijiambia labda nilimwaga wangu juu ya wake kwa bahati mbaya. Alijua si hivyo. "Nilikutazama ili uniambie," akasema. "Ukaniitikia kwa kichwa. Nikawasha. Kwa hiyo tajiri aliponiuliza ni nani, sikumdanganya, Mama. Fundi aliyeona unga si wake na akawasha, ni yeye."

Nikamwambia, "Na umekaa na hilo miaka hii yote?"

Akasema, "Wewe pia."

Nilimsaidia kutandaza omena. Mimi niliyekataa kukaa niliinama mchana kutwa.

Baadaye akauliza habari zako. Nilimweleza kazi ya hospitali. Unajua swali lake la kwanza lilikuwa nini? Hakuuliza mshahara. Hakuuliza kama unamkumbuka. Aliuliza, "Koki yake ameipanga wapi, ndani au nje?" Nikasema sijui, hakunieleza, yeye ananieleza habari za vigae vya hospitali. Akacheka, Okeyo. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu siku ya vilima saba.

Nilimwambia pia lile jibu ulilompa msimamizi. Sikulificha, maana nilikuwa nimechoka kuficha. Akasema kijana alitaka kazi, na jina lile lingemnyima. Alikutetea. Kama alivyonitetea mimi. Huyo ndiye mtu uliyesema humjui.

Sasa nisikie vizuri, kisha nitakuacha. Umeniambia mgeni mkubwa anakuja kufungua ile wodi, na msimamizi anataka mtambo uwe umewaka siku hiyo. Basi kutakuwa na mtu amesimama na saa. Daima yupo. Na kutakuwa na mtu unayemheshimu, labda msimamizi mwenyewe, labda daktari, labda mzee wa kanisa, ambaye atakuwa amegusa kitu alichokatazwa kugusa, na atakuitikia kwa kichwa. Mimi sijui paipu, lakini namjua mtu huyo, nimekuwa yeye. Hana nia mbaya. Hataki tu kuonekana. Muulize. Muulize mbele ya watu, hata kama ni mimi. Ningefurahi, sasa naona, kama mwanangu angeniaibisha jioni ile. Ningemtukana njia nzima mpaka nyumbani, na angekuwa na vidole vyake.

Na kosa likiwa lako, liseme siku hiyo hiyo, likiwa bado jepesi.

Mimi Sabato ijayo nitasimama kanisani. Nimeshamwambia mzee wa kanisa nina neno. Anadhani ni ushuhuda wa mvua. Kisha nitakwenda kwa yule tajiri, naye amezeeka, anakaa kwenye kiti mlangoni pa duka la mwanawe. Nitamjibu swali aliloliuliza. Wewe utakuwa umeshaondoka, kwa hiyo nimetaka ulisikie kutoka kwangu kabla halijakufikia kutoka barabarani. Kasirika ukitaka. Usipoandika mwezi wa kwanza nitaelewa. Mwezi wa pili nitakuja mwenyewe na fimbo.

Limebaki jambo moja. Baba yako ameniomba nimjulishe siku utakayoijaza paipu mafuta kwa mara ya kwanza. Nimemwambia nitamtumia habari na watu wa boti. Atakuja Homa Bay. Amesema hataingia asipoitwa. Atasimama nje ya ukuta, upande wa tangi, hapo ambapo koki inatakiwa kuwa. Atakuwa na mfuko mdogo. Ndani yake kuna unga wa muhogo, ameshausaga, amenionyesha.

Utamwona. Ule mkono huwezi kuukosa. Na msimamizi wako pia atamwona, atakuja kando yako, atakuuliza swali lile lile, yule mtu ni nani.

Nimeweka kidole changu hapa chini kwa wino wa Chacha, anaotumia kuchorea vitambaa, anasema hautoki.

Mimi dani yako, Nyar Mfangano, binti wa kisiwani,
mama yake fundi Ochola.